Neno la Njia Panda

Mimi ni mbishi. Mama alipenda kusema kwamba nilianza ubishi siku niliyozaliwa, kwa kutanguliza miguu wakati watoto wa wenzake wote wanatanguliza kichwa. Sijui kama ni kweli, maana mama naye hakuwa mtu wa kuiacha hadithi ipite bila chumvi. Ninachojua ni kwamba katika shule yetu ya kati ya misheni, upande wa Issuna, hakuna mwanafunzi aliyebishana na padri wa somo la Kiingereza kunishinda mimi, wala aliyempenda kunishinda.

Padri mwenyewe hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi nyingine huko Ulaya, na Kiingereza alijifunza ukubwani kama sisi tu, akakipata kupitia Kilatini alichosoma seminari. Njia aliyopita yeye ndiyo aliyotupitisha na sisi. Neno refu likitokea kitabuni aliliandika ubaoni, akalipigia mstari, akakunja mikono ya kanzu na kusema, "Haya, tuchimbe." Nasi tulichimba mpaka mzizi uonekane.

Kilatini hatukukijua, lakini tulikuwa nacho mdomoni. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru misa ilikuwa bado ya Kilatini, na sisi tuliiitikia yote bila kukosea na bila kuelewa. Padri aliufanya huo kuwa mtaji wake. "Mnapojipiga kifua kanisani mnasema nini?" aliuliza siku moja. "Mea culpa!" tukajibu. "Mnakiri nini?" "Kosa!" "Basi 'culprit' ni nani?" Darasa zima tukajipiga kifua, wengine mpaka wakakohoa. Hadi leo nikilikuta neno hilo la mkosaji gazetini mkono wangu huanza kupanda wenyewe.

Nilinogewa. Nilichimba maneno njiani, nilichimba nikiteka maji, nilichimba nikitwanga uwele. Nilimsumbua padri anipe mzizi wa "potato" hata akaniambia nikaangalie shambani kwa mama. Baba yangu, ambaye shule hakuiona hata mlango, alisikiliza habari hizi kwa mashaka. "Huyo padri wenu naye ni mganga?" aliuliza. "Kutwa kuchimba mizizi, na mgonjwa aliyepona simwoni." Nikamwambia mgonjwa ni mimi, na siku nikipona nitakuwa nazungumza Kiingereza. Alicheka. Baba alikuwa mwepesi wa kucheka, na akicheka lilionekana pengo la meno ya mbele alilopata ujanani kwa teke la ndama.

Pengo hilo lina kazi katika habari hii, kwa hiyo nieleze jinsi tulivyokuwa tukichunga.

Kwetu mtu hakuchunga ng'ombe wake peke yake. Kaya za jirani ziliunganisha mifugo ikawa kundi moja, na kila kaya ikachunga kwa zamu. Asubuhi kila mtu alifungulia zizi lake, ng'ombe wakakutana penye njia panda karibu na jabali kubwa, wakaondoka pamoja na mwenye zamu. Jioni walirudi hapo hapo. Sasa hapo ndipo palipokuwa na raha ambayo sijaiona mahali pengine. Wenye ng'ombe walisimama kila mmoja kwenye njia yake, wakapiga mluzi. Kila kaya ilikuwa na mluzi wake, na ng'ombe waliujua. Lile kundi zima lilijigawa lenyewe: hawa kulia, hawa kushoto, hawa moja kwa moja, ndama wakilia mazizini, mama zao wakijibu, vumbi jekundu limesimama, na watoto tunashangilia kana kwamba tumefanya kazi kubwa.

Mluzi wa baba ulipita katika lile pengo. Ulitoka na upepo mwingi kuliko sauti, halafu ukapanda ghafla mwishoni. Majirani walimtania kwamba anapuliza uji wa moto. Lakini ng'ombe wetu waliinua masikio, wakageuka, wakaja. Ng'ombe wa mtu mwingine hawakugeuka hata siku moja, na wetu hawakupotea ila jioni moja tu nitakayoieleza.

Wadogo zangu wa kiume walikuwa bado wanatambaa, basi zamu ya kwetu ikiangukia Jumamosi au likizo nilichunga mimi. Msichana kuchunga lilikuwa jambo la kuchekesha watu. Walionicheka niliwajibu, na walionijibu niliwarushia kidongo. Mambo yakawa hivyo mpaka nilipofika darasa la nane.

Darasa la nane ndipo baba alipoacha kucheka kidogo. Watu wa upande wa Mandewa walikuwa wameshafika nyumbani mara moja, wakanywa pombe ya mtama, wakaniangalia nikipita na ndoo, wakaulizia umri wangu. Hawakusema zaidi, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Usiku ule mama hakula. Kesho yake baba aliniita nje ya tembe letu, nyumba yetu ya paa la udongo, akakaa, nami nikapiga magoti mbele yake.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "hao watu nimewaambia wasubiri. Ukichaguliwa kwenda sekondari, utakwenda, na mimi nitawajibu. Usipochaguliwa, usiniletee tena habari ya shule. Tumeelewana?"

Nilisema tumeelewana. Kwa mara ya kwanza maishani sikubisha, kwa sababu niliogopa. Sekondari za wasichana zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na zote ziko mbali. Akilini niliwaona wale watu wa Mandewa wakirudi na ng'ombe wa mahari, na mimi nikiondoka kwenda kupika kwenye jiko la mtu nisiyemjua. Nilisoma mpaka kibatari kikanipaka masizi puani.

Siku moja ya likizo, zamu ikiwa yangu, nilirudisha kundi jioni nikamkuta padri amesimama njia panda na pikipiki yake. Alikuwa ametoka kumpa mgonjwa mafuta matakatifu, na pikipiki ilikuwa imezima kama kawaida yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikamwamkia.

"Milele amina. Hawa wote ni wa baba yako?"

Nikamwambia asubiri aone ni wa nani. Miluzi ikaanza. Baba akapuliza uji wake. Kundi likajigawa mbele ya macho ya padri, na yeye, mtu mzima na ndevu zake, akapiga makofi.

"Grex!" alipaza sauti. "Binti, chimba! Grex!"

Sikulijua. Akaniambia grex ni kundi la mifugo. Ukichukua "con", yaani pamoja, ukaliweka mbele ya kundi, unapata "congregate". "Hiyo ndiyo asubuhi yenu, mnapokusanyika hapa. Ndiyo maana hata kanisani naitwa mchungaji wa waumini wangu, nao ni kundi." Kisha akaonyesha ng'ombe waliokuwa wanatokomea vumbini. "Na 'se' ni kando, mbali. Wanatoka kundini, kila mmoja kando. Hilo ni 'segregate'. Se, grex. Umeona?"

Nimeona! Sikuwahi kuona neno kwa macho namna ile. Lilikuwa na mkia na vumbi. Nililisema mara nyingi, likapendeza kila nilipolisema, na moyo ukanijaa furaha kwamba Warumi wa kale, watu walioandikwa kwenye Injili, nao waliwahi kusimama njia panda jioni wakingoja ng'ombe wao.

"Lakini," padri akasema, akiinua kidole.

Hiyo "lakini" haikuendelea. Alikuwa ameegemea pikipiki, na sijui mguu wake uligusa nini, maana ile iliyokataa kuwaka mchana kutwa iliwaka hapo hapo kwa kishindo cha bunduki. Dume la jirani likaruka ua. Kundi lililokuwa limeshagawanyika likachanganyika upya, ng'ombe wa kulia wakaenda kushoto, mtu mmoja akapanda juu ya jabali, baba akapuliza mluzi mpaka akakosa pumzi. Padri hakuthubutu kuizima pikipiki kwa kuogopa haitawaka tena, akaondoka nayo huku akituombea msamaha kwa lugha zote alizozijua. Tuliwatafuta ng'ombe mpaka mwezi ulipotoka. Ile "lakini" nami sikuikumbuka tena.

Mtihani wa kuandika niliufanya, nikaufaulu. Waliofaulu tukaitwa Singida Mjini kwa usaili, kuulizwa maswali ana kwa ana na kwa Kiingereza. Nilipanda lori la mfanyabiashara juu ya magunia ya mtama, na kichwa kilichosukwa na mama kikabana mpaka nyusi zikanyanyuka. Nilikuwa na sura ya mtu anayeshangaa, na kweli nilikuwa nashangaa: ziwa lile pembeni ya mji, ndege wekundu waliosimama majini, maduka yenye vitambaa hadi nje.

Ndani ya ofisi niliwakuta watu watatu nyuma ya meza moja. Kulikuwa na mama wa Kizungu aliyebaki nchini baada ya uhuru, mwalimu wa Kihindi mwenye mvi na miwani, na kati yao afisa wa elimu, Mwafrika kijana aliyevaa tai. Waliniuliza jina, kijiji, kitabu nilichosoma. Nilijibu kwa woga, neno moja moja. Kisha yule afisa akasema atanipa neno, nimweleze maana yake na namna ya kulitumia.

"Segregate," akasema.

Nusura nicheke. Maneno yote ya Kiingereza, na akachagua la kwangu! Woga ulinitoka papo hapo. Nikasimama wima, nikawaeleza se na grex kama padri alivyonieleza, na nikatoa mfano kwa sauti ya kanisani: "Every evening we segregate. It is very nice."

Yaani kila jioni sisi hutengana, na inapendeza sana. Kalamu ya mama wa Kizungu ikasimama. Mwalimu wa Kihindi akavua miwani.

"Unaona ni jambo jema?" afisa aliniuliza taratibu.

"Jema sana, bwana. Tusipofanya hivyo watoto watalia usiku kucha."

"Na nani anapaswa kutengwa?"

"Wote, bwana. Kila siku."

"Nani amekufundisha hayo?" Sauti yake ilikuwa imeshapanda.

"Baba yangu," nilisema kwa fahari. "Yeye anafanya kwa mluzi."

Wakatazamana. Nikadhani hawajaelewa kwa sababu ya Kiingereza changu, basi nikaona niwasaidie. Nikabana midomo, nikaacha uwazi pale penye pengo la baba, nikapuliza. Upepo mwingi, sauti kidogo, halafu ikapanda ghafla. Karani akachungulia mlangoni. "Ng'ombe wetu wakisikia hivyo," nikaendelea, "wanatoka kundini wanakuja nyumbani, na wa jirani wanakwenda kwa jirani."

"Ng'ombe!" akasema yule mama, akashika kifua. Afisa akafunika uso kwa viganja vyake, mabega yakimtikisika, na mwalimu wa Kihindi akacheka mpaka akafuta machozi kwa tai ya mwenzake, nadhani kwa kukosea.

Mimi sikucheka. Kuchekwa bila kujua sababu ni kitu ambacho sijawahi kukivumilia. Mwalimu yule aliliona hilo, akaniinamia mezani na kunieleza kwa upole. Mzizi nimeutaja sawasawa, alisema, na maana pia. Lakini neno huishi mahali watu wanapoliweka, na hili watu wamezoea kuliweka juu ya wanadamu. Kabla ya uhuru watoto wa Kihindi walikuwa na shule yao, Waafrika yao, Wazungu yao, na mtu hakuruhusiwa kuingia isiyo ya rangi yake. Kufanya hivyo ndiko kunakoitwa kwa neno langu lile. Magazeti yamejaa habari zake, na si za kupendeza.

Hapo ndipo ile "lakini" ya padri iliponirudia, na kidole chake kimeinuliwa, na pikipiki imelia. Niliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira. Nilimkasirikia padri na chuma chake. Niliwakasirikia pia watu walioliokota neno zuri namna ile la njia panda wakaenda kulichafua. Niliwaza tembe letu, niliwaza Mandewa, nikajua nimekwisha. Na mtu aliyekwisha haogopi kuuliza.

"Na asubuhi je?" nikauliza.

"Asubuhi ipi?"

"Sisi tukiwatenga jioni, asubuhi tunawachanganya wakachunge pamoja. Hao watoto, asubuhi walichanganywa wapi?"

Mwalimu wa Kihindi alivaa tena miwani yake. "Hawakuchanganywa," alisema. "Hakukuwa na asubuhi."

Niliwaangalia. Mzungu, Mhindi, na Mwafrika, meza moja, birika moja la chai katikati yao. Nikawahesabu tena kwa macho kama ninavyohesabu ng'ombe wakifika njia panda.

"Basi, bwana," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuchonga, "sasa ni asubuhi."

Mama wa Kizungu aliandika kitu. Afisa aliinamia meza, halafu akaniambia kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo haikuwa ya usaili tena, "Nenda, dada. Usalimie nyumbani." Nilitoka nikiamini kwamba nimefukuzwa kwa adabu.

Nyumbani baba aliuliza, "Imekuwaje?" Nikamwambia nimewapigia mluzi wako. Aliniangalia muda mrefu, akaona sitanii, akaenda kuketi zizini. Wiki zilizofuata niliishi kama mtu aliyeazimwa. Mama alinifundisha kupika mlenda upya, kana kwamba nilikuwa sijui. Nilijua anachonifundishia, na nilitia chumvi mara mbili kwa makusudi.

Kisha ikaja siku ya zamu yetu. Nilikuwa nakaribia njia panda na kundi, jua limeshaanza kulala, nikamwona padri anakuja kwa mbali. Alikuwa anasukuma pikipiki. Haikuwa imezima, alishaizima mwenyewe mbali kule, asije akatutawanyia ng'ombe mara ya pili. Kanzu imelowa jasho, ndevu zimejaa vumbi, anasukuma chuma kile kupandisha mlima. Nikasimama. Nilijua hakuna mtu anayesukuma pikipiki mlimani kwa ajili ya habari mbaya.

"Umechaguliwa!" alipiga kelele kabla hata ya salamu. "Umechaguliwa, binti!"

Ng'ombe walishtuka kuliko siku ile ya pikipiki, maana mimi ndiye niliyepiga ukelele sasa. Nilimkimbilia baba kwenye njia yetu, nikasahau adabu yote, nikamrukia shingoni. Akanishika. Pengo lake likaonekana lote. Halafu nikamsikia anavuta pumzi, akageuza uso upande wa jabali, na nilipotaka kumtazama hakunigeukia.

"Wale wa Mandewa nitawajibu," alisema akiwa bado amegeukia huko. "Na zamu zetu nitachunga mwenyewe. Nilichunga kabla hujazaliwa."

Padri naye akakumbuka deni lake. Akainua kidole, akasema, "Lakini, kuhusu lile neno..." Nikamwambia ameshachelewa, nimeshafundishwa na watu watatu.

Baba alitaka kujua ni neno gani. Tukamweleza, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafakari, kisha akauliza swali moja tu: huko sekondari, jioni yangu itakuwa na urefu gani? Padri alielewa kabla yangu. Akamwambia ni mpaka likizo.

Niliondoka. Sitaeleza kulia kwangu juu ya lori, maana nililia vibaya, na abiria wote walinipa ndizi. Shuleni nilikuta wasichana wa kila kabila na kila dini, na wa Kihindi pia, bweni moja, sahani za namna moja. Nilibishana nao wote. Nilikuwa na furaha.

Njia panda ile siku hizi haipo. Vijiji vya ujamaa vilipokuja tulihamia karibu na barabara, mazizi yakapangwa mstari, na pale pa zamani pakamea miiba. Lakini likizo yangu ya kwanza ilikuwa kabla ya hayo yote. Lori lilinishusha barabarani jua likikaribia kuzama, nikakata porini na sanduku kichwani. Nilipofika karibu na jabali nikakuta vumbi limesimama. Kundi lilikuwa linarudi. Nilijikuta katikati ya ng'ombe, pembe kulia, pembe kushoto, na mwenye zamu hakuniona. Miluzi ikaanza, mmoja baada ya mwingine, na kundi likaanza kujigawa.

Halafu ukaja ule wenye upepo mwingi, unaopanda ghafla mwishoni. Ng'ombe wetu wakainua masikio, wakageuka. Na mimi nikageuka.